Albert Einstein na Mshipa Uliomuua

Jina la Albert Einstein linapotajwa, aghalabu kinachotujia akilini ni nywele zilizotimka, ulimi uliotolewa nje mbele ya kamera, na mlinganyo mmoja mfupi ambao wengi wetu tunaweza kuuandika ubaoni bila kuweza kuueleza. Ni wachache wanaofahamu kwamba picha ile ya ulimi ilipopigwa, Machi 1951, siku mzee yule alipotimiza miaka 72, tayari alikuwa amebeba tumboni uvimbe ambao daktari wake alikuwa amekwisha kuuona kwa macho, akaugusa kwa mikono, na kuufunika kwa karatasi angavu ya selofani kwa kukosa njia nyingine. Miaka minne baadaye uvimbe huo ulipasuka, naye akafa. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuufuata mshipa huo. Mlinganyo umekwisha kuandikiwa vitabu vingi, na mwandishi huyu, ambaye taaluma yake ni fasihi, hana la kuuongezea.

Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi 1879 katika mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake, Hermann na Pauline, walikuwa Wayahudi wasioshika sana dini. Mwaka uliofuata familia ilihamia Munich, ambako baba na ami yake walianzisha biashara ya vifaa vya umeme, na huko ndiko alikozaliwa dada yake wa pekee, Maja, mwaka wa 1881. Shule ya Munich hakuipenda. Aliiacha kabla ya kuhitimu, akawafuata wazazi wake waliokuwa wamehamia Italia, kisha akamalizia masomo ya sekondari katika mji wa Aarau, Uswisi. Mwaka wa 1896 aliukana uraia wa Ujerumani, na mwaka huohuo akajiunga na chuo cha ufundi cha Zurich, alikohitimu mwaka wa 1900. Baada ya hapo alitafuta kazi ya kufundisha chuoni asiipate. Kuanzia mwaka wa 1902 alikuwa karani wa kuchunguza maombi ya hataza katika mji wa Bern.

Hapa pana jambo moja ambalo waandishi wengi wa maisha yake hulipita upesi, nalo linaihusu mada yetu kwa njia ambayo yeye mwenyewe hangeitarajia. Makala yake ya kwanza kabisa, iliyochapishwa mwaka wa 1901, ilihusu namna vimiminika vinavyopanda vyenyewe katika mirija myembamba. Baadaye aliidharau makala hiyo akaiona kuwa haina thamani. Ila somo lenyewe lilikuwa na historia ndefu, na miongoni mwa walioliwekea misingi ni mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace, mwanzoni mwa karne ya 19. Kutokana na kazi ya Laplace tunapata kanuni ambayo leo hufundishwa kila mwanafunzi wa udaktari: kwamba katika mrija au puto lenye shinikizo ndani yake, mkazo unaoukabili ukuta huongezeka kadiri upana unavyoongezeka. Mshipa wa damu ukipanuka, ukuta wake hubeba mzigo mkubwa zaidi ilhali wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Kupanuka huzaa kupanuka. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa akihangaika na matone na mirija alikuwa karibu sana na hesabu ya kifo chake.

Mwaka wa 1905 unajulikana. Katika miezi michache karani yule alitoa makala zilizobadilisha fizikia, na juu ya hizo akaandika tasnifu ya udaktari iliyopima ukubwa wa molekuli kwa kutazama uzito wa maji yaliyotiwa sukari. Vyuo vilivyomkataa vikaanza kumwita: Zurich mwaka wa 1909, Prague mwaka wa 1911, Zurich tena, kisha Berlin mwaka wa 1914. Nadharia yake ya uhusianifu wa jumla ilikamilika Novemba 1915. Ilithibitishwa na wanafalaki waliotazama kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, baadhi yao wakiwa Sobral nchini Brazili, na wengine katika kisiwa cha Príncipe, pwani ya Afrika Magharibi. Kuanzia hapo umaarufu haukumwacha tena. Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1921 alitunukiwa mwaka wa 1922, wala si kwa uhusianifu, bali hasa kwa kueleza namna mwanga unavyofukuza elektroni kutoka kwenye metali.

Mwili wake, hata hivyo, haukuwa na nguvu kama fikra zake. Mnamo 1917, katika Berlin iliyobanwa na njaa ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliugua tumbo vibaya hata akapungua zaidi ya kilo 20 katika muda mfupi. Aliyemuuguza ni binamu yake Elsa, ambaye alimwoa mwaka wa 1919 baada ya kuachana na mke wake wa kwanza, Mileva Marić. Mwaka wa 1928 alianguka akiwa safarini Uswisi, moyo ukaonekana kuwa umepanuka, akalala kitandani kwa miezi kadhaa. Ugonjwa huo ndio uliomletea katibu wake, Helen Dukas, aliyeajiriwa mwaka huohuo na kukaa naye hadi mwisho. Maumivu ya tumbo yaliendelea kumrudia kwa miaka mingi. Yalikuja, yakamtapisha, yakapita, naye akarejea kwenye meza yake. Na katika yote haya kiko kilikuwa mdomoni. Alivuta tumbaku tangu ujanani, na madaktari walipomkataza hakuacha kwa moyo mkunjufu.

Mwaka wa 1933 Hitler alishika madaraka, na Einstein, aliyekuwa ng'ambo wakati huo, hakurudi Ujerumani tena maishani. Alipata makao Princeton, Marekani, katika taasisi mpya ya utafiti wa juu. Mwaka huohuo daktari mmoja wa upasuaji wa Berlin aliihama nchi hiyohiyo kwa sababu hiyohiyo. Huyu ni Rudolf Nissen, mwanafunzi wa Ferdinand Sauerbruch, ambaye mwaka wa 1931 alikuwa amefaulu kuliondoa pafu zima la mgonjwa. Nissen alikwenda Istanbul, Uturuki, akafundisha huko hadi 1939, kisha akaenda Marekani, ambako alilazimika kuanza upya. Watu hawa wawili, mmoja wa nadharia na mwingine wa kisu, walikutana tumboni mwa mmoja wao, katika Hospitali ya Wayahudi ya Brooklyn, Desemba 1948.

Einstein alikuwa na umri wa miaka 69. Elsa alikuwa amekufa mwaka wa 1936, na nyumba ya Princeton ilikuwa na Maja, Helen Dukas, na Margot, binti wa Elsa. Maumivu yalikuwa yamezidi. Nissen alipompapasa alihisi kitu kikipigapiga katikati ya tumbo, kikienda sambamba na mapigo ya moyo. Hakuna uvimbe mwingine wa kawaida unaopiga hivyo. Alipompasua alikuta kwamba aota, yaani mshipa mkuu unaoitoa damu moyoni na kuishusha hadi kwenye nyonga, ilikuwa imetuna ikafikia ukubwa wa balungi. Haikuwa imepasuka.

Tusimame kidogo hapa kwa ajili ya lugha. Madaktari huuita ugonjwa huu anyurizimu, neno lililotoka Kigiriki kwa maana ya kupanuka. Kiswahili cha kila siku kina neno uvimbe, lakini uvimbe hubeba mengi: jipu, saratani, mguu ulioteguka. Mwandishi huyu anaona kwamba kitenzi kututumka, ambacho tumekizoea kwa unga uliotiwa hamira, kingetufaa zaidi, kwa kuwa kinabeba ile dhana ya kitu kinachojaa taratibu kutoka ndani bila kelele. Kwa hiyo katika makala haya tutasema mtutumko wa aota, na walimu wetu wa istilahi watusahihishe pakiwa na haja.

Aota ya tumboni ya mtu mzima ina upana wa takribani sentimita 2. Ikifika sentimita 3 au zaidi, huhesabiwa kuwa na mtutumko. Wa Einstein ulikuwa umeipita mipaka hiyo kwa mbali sana. Nissen angefanya nini? Kuukata na kuunganisha mshipa mwingine mahali pake kulikuwa hakujawezekana kwa mtu yeyote duniani. Kuufunga mshipa kwa uzi kungeinyima miguu damu. Alichokifanya ni kuuzungushia karatasi ya selofani, ileile jamii ya karatasi inayofungiwa peremende. Karatasi hiyo haikuwekwa kwa kuwa ni imara. Iliwekwa kwa kuwa inauchokoza mwili: nyama zinazoizunguka hukasirika, hujenga kovu gumu, na kovu hilo hugeuka kuwa mkanda wa kuushika ukuta uliolegea. Madaktari wengine walikuwa wamekwisha kuijaribu njia hii miaka michache kabla yake. Yeyote anayecheka leo na akumbuke kwamba mgonjwa yule aliondoka hospitalini kwa miguu yake, akaishi zaidi ya miaka 6.

Miaka hiyo sita haikuwa ya kungoja mauti. Ni kweli kwamba takribani mwaka mmoja na nusu baada ya upasuaji iligunduliwa kuwa mtutumko unaendelea kukua, na mnamo Machi 1950 alitia saini wasia wake, akiziachia karatasi zake hatimaye Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Lakini aliendelea na hesabu za nadharia ya kuunganisha nguvu za asili, ambayo hakuipata. Alimsomea Maja vitabu kitandani hadi dada huyo alipofariki mwaka wa 1951. Mwaka wa 1952 alikataa urais wa Israeli. Alipinga silaha za nyuklia, akawatetea walimu waliohojiwa kwa sababu ya siasa zao. Alijua kilichomo ndani yake. Kikulacho, katika hali yake, kilikuwa chini hata ya nguo, wala hakikuhitaji kutafutwa.

Swali lililowashinda madaktari wa wakati huo ni kwa nini mshipa ututumke. Jibu la zamani lilikuwa kwamba ni mafuta tu yaliyoganda kwenye kuta za mishipa kwa sababu ya uzee. Utafiti wa miongo iliyofuata umeonyesha kwamba mambo ni mapana zaidi. Ukuta wa aota hushikiliwa na nyuzi za namna mbili: elastini, inayoupa uwezo wa kunyumbuka na kurudi, na kolajeni, inayouzuia usichanike. Katika mtutumko, chembe za ulinzi wa mwili huingia ukutani, na vimeng'enya vinavyotolewa humo huzila nyuzi hizo. Elastini ikishaharibika, mwili wa mtu mzima haurudishi ya kutosha. Hapo ndipo kanuni ya Laplace inapoanza kufanya kazi yake bila huruma.

Nani hupatwa? Wanaume kuliko wanawake, hasa baada ya miaka 65. Wenye ndugu wa damu waliopatwa. Wenye presha. Lakini miongoni mwa mambo ambayo mtu anaweza kuyabadili, hakuna linaloufikia uvutaji wa tumbaku kwa uzito. Haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba kiko ndicho kilichomuua Einstein, kwa maana hakuna awezaye kuurudisha mwili wake na kuuishi tena bila moshi. Mwandishi huyu anaridhika kusema kwamba kama angetakiwa kumtaja mshukiwa, hangekwenda mbali na mdomo wa mgonjwa. La ajabu ni kwamba ugonjwa wa kisukari, unaoharibu mishipa mingine mingi, huonekana kupunguza uwezekano wa kupata mtutumko huu, na watafiti wameifuata njia hiyo kwa hamu wakitafuta dawa. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa inauzuia kukua.

Upasuaji ulitangulia dawa. Machi 1951, mwezi uleule wa picha ya ulimi, daktari Charles Dubost wa Paris aliukata mtutumko wa aota ya tumboni, akaweka mahali pake kipande cha mshipa kilichotolewa kwa maiti. Mgonjwa alipona. Muda si muda, madaktari wa Marekani wakaanza kushona mirija ya kitambaa. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1990, Juan Parodi wa Buenos Aires aliupitisha mrija wa aina hiyo kupitia mshipa wa kinena, bila kulipasua tumbo. Kwa hiyo Einstein aliugua katika ukingo wa zama mbili. Mwaka wa 1948 hapakuwa na tiba. Alipozidiwa mwaka wa 1955, tiba ilikuwapo, ingawa ilikuwa bado changa na ya kutisha.

Hata hivyo, kujua namna ya kushona hakusaidii iwapo hakuna anayejua kuwa mshipa umetuna. Mitutumko mingi haiumi kabisa mpaka siku inapopasuka, na ikipasuka wengi hufa kabla ya kufikishwa hospitalini. Mkono wa Nissen uliuhisi kwa kuwa ulikuwa mkubwa, lakini mkono hukosea. Kilichobadilisha mambo ni mashine ya mawimbi ya sauti, ile wajawazito wanayoifahamu, ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitolea ripoti mwaka wa 1958. Kipimo chake cha aota huchukua dakika chache na hakiumizi. Nchini Uingereza wanaume wapatao 67,800 wenye umri wa miaka 65 hadi 74 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likaitwa kupimwa, jingine likaachwa bila mwaliko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2002 yalionyesha kwamba vifo vilivyotokana na mtutumko vilikuwa vimepungua kwa asilimia 42 katika kundi lililoalikwa. Kuanzia mwaka wa 2009 Uingereza ikaanzisha mpango wa kumwita kila mwanamume anapofikia miaka 65. Mtutumko mdogo huangaliwa tu mara kwa mara, na ule unaofika sentimita 5.5 ndio kwa kawaida hufikiriwa kufanyiwa upasuaji. Einstein alitimiza miaka 65 Machi 1944.

Turudi Princeton. Tarehe 11 Aprili 1955 alitia saini tamko alilotumiwa na mwanafalsafa Bertrand Russell la kuyaonya mataifa kuhusu vita vya nyuklia. Siku mbili baadaye, akiwa katikati ya kuandaa hotuba ya redio kwa ajili ya sikukuu ya uhuru wa Israeli, alianguka nyumbani. Maumivu yalifanana na ya kifuko cha nyongo, na jambo hilo lilitatiza utambuzi. Tangu wakati huo, baadhi ya madaktari wameipa hali hiyo, ya mtutumko unaovuja kujifanya ugonjwa wa nyongo, jina la dalili ya Einstein. Daktari Frank Glenn alikuja kutoka New York, akapendekeza upasuaji. Mgonjwa alikataa. Aliona kwamba kuyarefusha maisha kwa njia za kulazimisha ni jambo lisilo na ladha, kwamba amefanya sehemu yake na wakati wa kuondoka umefika. Wapo wanaouita uamuzi huo ushujaa. Mimi nauona zaidi kama hesabu ya mzee wa miaka 76 aliyekwisha kupasuliwa mara moja, ambaye nafasi yake ya kupona ilikuwa ndogo, na ambaye alikuwa na haki ya kuifanya hesabu hiyo mwenyewe.

Alipelekwa Hospitali ya Princeton siku ya Ijumaa, tarehe 15 Aprili. Mwanawe Hans Albert alifika kwa ndege kutoka California. Huyu alikuwa profesa wa uhandisi huko Berkeley, na utaalamu wake ulikuwa mtiririko wa maji mitoni na mchanga unaochukuliwa nayo. Aliketi kando ya baba yake ambaye damu ilikuwa ikichuruzika nje ya mfereji wake. Wawili hao, ambao kwa miaka mingi hawakuelewana, walizungumza. Jumapili mgonjwa alijisikia nafuu, akaagiza miwani, karatasi na hesabu zake, akaandika kidogo.

Usiku, baada ya saa saba kidogo, yaani alfajiri ya kuamkia Jumatatu tarehe 18 Aprili 1955, muuguzi wa zamu alimsikia akivuta pumzi kwa shida. Alisogea. Einstein alitamka maneno machache kwa Kijerumani, lugha ya mama yake na ya nchi iliyomfukuza. Muuguzi hakujua Kijerumani. Maneno hayo hayakuandikwa na hayatajulikana. Tunaosoma lugha tumezoea kuzungumzia upotevu wa lugha kwa kuhesabu wasemaji na vizazi. Hapa kulikuwa na lugha yenye mamilioni ya wasemaji, waandishi wakubwa na kamusi nene, na bado katika chumba kimoja, kwa dakika moja, ilikuwa na msemaji mmoja tu. Katika wodi zetu wenyewe, ambako mgonjwa huweza kuwa na lugha moja, muuguzi nyingine na daktari ya tatu, dakika kama hiyo si ngeni.

Asubuhi, mtaalamu wa maiti wa hospitali, Thomas Harvey, aliupasua mwili, akathibitisha kwamba aota ilikuwa imepasuka. Kisha akautoa ubongo na kuuhifadhi bila kuomba kwanza ruhusa ya familia, kitendo ambacho kimeendelea kujadiliwa na wanamaadili wa tiba hadi leo. Vipande vya ubongo huo vilihifadhiwa kwa miaka mingi, vikachunguzwa na kuandikiwa makala. Aota, iliyokuwa na la kueleza kuhusu kifo chake, haikupata umaarufu wowote.

Mwili uliosalia ulichomwa alasiri hiyohiyo katika mji wa Trenton, mbele ya watu wachache, na majivu yakatawanywa mahali pasipotangazwa. Alikuwa ameagiza kwamba pasiwe na kaburi, wala nyumba yake isigeuzwe kuwa mahali pa kuzuru. Kurasa za hesabu alizoziomba Jumapili zilibaki kando ya kitanda, zikiwa hazijakamilika.